Je, Yafaa Watoto Kushindanishwa katika Ilimu?

Kila mwaka skuli za sekondari za nchi yetu huingia katika mashindano ya sayansi. Wanafunzi, mmoja mmoja au wawili wawili, hubuni kazi yao, wakaiandikia maelezo, kisha wakasimama nayo mbele ya waamuzi na kuulizwa maswali. Washindao katika skuli hupanda hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha mkoa, mpaka wakafika mashindano ya nchi nzima. Haya ndiyo ambayo zamani yakiitwa Kongamano la Sayansi, na leo yaitwa Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya. Hisabu nayo ina mashindano yake. Bara la Afrika lilianza ya kwake mwaka 1987 katika mji wa Rabat, Moroko, na mwaka 2018 yalifanywa Nairobi.

Katika baraza za miji yetu ya pwani watu wamegawanyika juu ya jambo hili. Wako wasemao kwamba mashindano ni mchezo na majivuno: mtoto hukosa siku za masomo, na za chuoni pia, kisha hurudi na kikombe kitakachomtia kibri au machozi yatakayomvunja moyo. Na wako wasemao kwamba watu wa pwani tumeachwa nyuma vya kutosha, na kila kikombe kirudicho nyumbani ni dalili kwamba nasi tumo. Wote wawili twawaheshimu, kwani kila mmoja ana kitu cha kweli mkononi mwake. Lakini twaona wote wawili wamekitazama kikombe na kuiacha ilimu yenyewe. Suali lipasalo kuulizwa ni hili: je, ni haki kumsimamisha mtoto ashindane na mwenziwe katika ilimu? Na ikiwa ni haki, ni kwa masharti gani?

Kwanza tuseme kwamba mashindano si jambo geni kwetu, wala si bidhaa iliyoletwa na meli. Lamu siku za Maulidi hushindana majahazi baharini na punda ufuoni. Mwezi wa Ramadhani vijana wetu hushindana katika kuhifadhi Kurani, na wazee wakakaa kuwasikiliza mpaka usiku mwingi. Malenga wetu nao walikuwa wakijibizana kwa mashairi, huyu akifunga fumbo na yule akilifungua, na mji mzima ukangojea jawabu. Hatujasikia mtu aliyesema kwamba kuhifadhi Kurani kumeharibika kwa kuwa mmoja amekuwa wa kwanza na mwengine wa pili. Basi hawezi mtu kuyakataa mashindano katika hisabu kwa hoja ambayo haitumii katika yale ayapendayo.

Wanazuoni wetu wametufundisha kupambanua mambo mawili ambayo kwa nje yafanana. Kuna hasadi, nayo ni kumwona mwenzio na neema ukatamani imwondoke. Na kuna ghibta, nayo ni kumwona mwenzio na neema ukatamani nawe upate mfano wake, bila yeye kupungukiwa na kitu. Hasadi ni maradhi, ghibta ni chachu. Mashindano yoyote yaweza kuzaa hii au ile, na mwenye kuchagua si mtoto. Ni yule mtu mzima anayemwandaa na kumpokea arudipo. Mzazi aulizaye, "Fulani amekushinda kwa nini?" huenda anapanda mbegu ya hasadi. Mzazi aulizaye, "Fulani alilifumbua vipi swali lile? Hebu nionyeshe," amepanda ghibta, na mavuno yake yatakuwa mengine.

Ama juu ya zawadi, jambo hili wanazuoni wa fikihi walilitazama tangu zamani. Waliruhusu zawadi katika mashindano ya farasi, ya ngamia na ya kulenga mishale, kisha wakakhitilafiana katika mengineyo. Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 1350, katika kitabu chake juu ya ufarisi aliona kwamba mashindano ya ilimu nayo yaingia katika ruhusa hiyo, kwa sababu dini husimama kwa hoja kama isimamavyo kwa nguvu. Tena zawadi itolewayo na mtu asiyeshindana, kama skuli au serikali, jambo lake ni jepesi. Liogopwalo ni washindani wenyewe kuchanga fedha ili mmoja azizoe zote, kwani hapo mlango wa kamari umefunguka. Lakini tusikae sana hapa. Mtoto haharibikiwi na kikombe cha shaba. Huharibikiwa na yale anayofunzwa njiani akikiendea.

Basi twende tukatazame ni nini afanyacho mtoto katika mashindano haya, maana wengi huyahukumu bila kuyaona. Tutoe mfano mmoja wa swali la aina hiyo, ambalo halihitaji kalamu wala vitabu.

Chukua ubao wa sataranji. Una vyumba 64: 32 vyeupe na 32 vyeusi, vikipishana. Kisha chukua vipande vya mbao ambavyo kila kimoja chafunika vyumba viwili vilivyopakana. Ni wazi kwamba vipande 32 vyaweza kuufunika ubao wote. Sasa kata chumba kimoja cha pembe, kisha kata na chumba cha pembe ile iliyo mkabala nayo kwa mshazari. Vimebaki vyumba 62. Je, vipande 31 vyaweza kuvifunika vyote, pasi na kipande kupanda juu ya mwenziwe wala kutoka nje ya ubao?

Mtoto mwenye pupa atasema vyaweza, kwa kuwa 31 mara mbili ni 62. Ataanza kuvipanga, navyo vitakataa. Atapanga tena kwa njia nyengine, navyo vitakataa tena. Akijaribu mara mia akashindwa mara mia, bado hajajua kitu, maana huenda njia ya mia na moja ikafaa. Ndipo mtoto mwenye subira aache kupanga aanze kufikiri. Aone kwamba kila kipande, popote kiwekwapo, hufunika chumba kimoja cheupe na kimoja cheusi. Aone tena kwamba vile vyumba viwili vya pembe vilivyokatwa ni vya rangi moja. Basi vilivyobaki ni 30 vya rangi ile na 32 vya rangi ya pili, na vipande 31 vyataka 31 kwa 31. Kumekwisha! Hapana haja ya kujaribu tena hata mara moja.

Mtoto aliyelipita swali hili kwa akili yake mwenyewe amejifunza tofauti ya kusema "sikuweza" na kusema "haiwezekani". Hiyo si ilimu ndogo. Ni watu wangapi wazima ambao wameiita "haiwezekani" kila kazi waliyoijaribu mara mbili wakachoka? Na ni wangapi wamepoteza umri wakipigana na jambo ambalo mwenye kutulia angeliona kuwa halina njia? Hisabu za darasani humfunza mtoto kuifuata njia aliyoonyeshwa. Hisabu za mashindano humwacha mahali pasipo njia, akatafuta. Zote mbili zahitajiwa. Lakini ikiwa skuli zetu ni za kukariri tu, basi palipo na kitu cha kumwamsha mtoto afikiri, hatuna budi kukipokea kwa mikono miwili.

Tukisha kusema hayo, lazima tuseme pia kwamba mashindano yana madhara yake, na wale ndugu zetu wayaogopao hawakuogopa bure.

Dhara la kwanza ni kwamba mwenye kutaka kushinda huanza kuificha ilimu. Khabari za Waitaliani wa karne ya kumi na sita zatuonyesha jambo hili likifika mwisho wake. Zama hizo walimu wa hisabu walikuwa wakishindana hadharani kwa kupeana maswali, na mkate wa mtu ulitegemea ushindi wake. Mwalimu mmoja wa Bologna, Scipione del Ferro, alikuwa amegundua njia ya kufumbua aina moja ya maswali magumu ya aljebra, yale ambayo ndani yake kitu kisichojulikana huzidishwa kwa nafsi yake mara tatu. Hakuitangaza. Aliificha kama silaha mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1526, akamwachia mwanafunzi wake Fior. Mwaka 1535 Fior akamwita Niccolò Tartaglia katika mashindano, kila mmoja akampa mwenziwe maswali 30. Tartaglia alijitahidi akaipata njia hiyo kwa akili yake mwenyewe, akayafumbua yote, na Fior akashindwa. Je, Tartaglia aliitangaza? Hata yeye aliificha. Mwaka 1539 alimwambia Girolamo Cardano kwa kumwapisha asiitoe. Cardano akaja kujua kwamba del Ferro alitangulia, akaichapisha katika kitabu mwaka 1545, akiwataja wote wawili. Tartaglia akakasirika, na ugomvi ukadumu miaka.

Tazama! Jambo lililowafaa wanadamu wote lilikaa mafichoni miaka mingi kwa kuogopa kushindwa. Lau si kitabu cha Cardano, huenda lingalizikwa na wenyewe. Na linganisha na Omar Khayyam, aliyekufa mwaka 1131, zaidi ya miaka 400 kabla ya kitabu hicho. Yeye aliandika risala juu ya maswali ya aina hiyo hiyo, akayafumbua kwa kuchora mikondo na kutazama inapokatana. Alipofika mahali ambapo hisabu za tarakimu zilimshinda, hakuona haya kuandika kwamba hakuweza, akatumaini kwamba atokee baadaye mwenye kuweza. Yeye alishindana na swali, wala hakushindana na mtu. Kwa hivyo aliweza kuukiri upungufu wake mbele ya wasomaji, na wa baada yake wakajua pa kuanzia.

Basi hili ndilo sharti la kwanza: mashindano ya ilimu yawe ni ya mtoto na swali, na mwenziwe awe ni rafiki wa safari. Skuli ambayo mwanafunzi wake hodari hukunja mkono juu ya daftari lake ili mwenziwe asione, skuli hiyo imeshindwa hata ikirudi na vikombe kumi.

Dhara la pili ni juu ya wale wasioshinda. Mashindano makubwa ya hisabu ya wanafunzi wa dunia, ambayo yalianza Rumania mwaka 1959 kwa nchi saba, huwa na maswali sita: matatu siku ya kwanza na matatu siku ya pili, kila siku saa nne na nusu. Kila swali lina alama 7, jumla 42. Na kanuni yake ni kwamba wapewao nishani, ya dhahabu, fedha au shaba, huwa ni nusu hivi tu ya walioingia. Nao hao walioingia ni wateule, sita kutoka kila nchi, waliochujwa miongoni mwa maelfu. Maana yake ni kwamba ukiwahisabu wote tangu darasani, walio wengi kabisa wataondoka bila nishani. Na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa tangu mwanzo, si bahati mbaya.

Hapa twataka msomaji atue afikiri. Ikiwa faida ya mashindano ni nishani, basi tumejenga kitu cha kuwakhuzunisha watoto mia ili kumfurahisha mmoja, na wenye kuyapinga wana haki. Lakini ikiwa faida yake ni yale maarifa na ile mazoea ya kufikiri, basi kila aliyejitayarisha amefaidi, na nishani ni alama tu. Kwa hivyo kipimo chetu ni hiki: usiyapime mashindano kwa kile alichorudi nacho aliyeshinda, yapime kwa kile alichorudi nacho aliyeshindwa. Akirudi anajua asilolijua alipoondoka, na hamu yake imezidi, mashindano hayo ni ya kheri. Akirudi na fedheha tu, mashindano hayo ni ya shari, hata yakiwa na jina kubwa.

Wahungari waliielewa siri hii mapema. Mwaka 1894 nchi hiyo ilianza mambo mawili pamoja. La kwanza ni mashindano ya hisabu ya wanafunzi wamalizao sekondari, na miongoni mwa waliotokea humo ni Theodore von Kármán, aliyekuja kuwa bingwa mkubwa wa ilimu ya urukaji wa ndege. La pili ni gazeti la hisabu kwa wanafunzi, ambalo leo laitwa KöMaL, na lingali likitoka. Gazeti hilo kila mwezi hutoa maswali. Mtoto popote alipo, hata awe kijijini, huyachukua nyumbani, akayafikiria kwa siku nyingi, akapeleka majibu yake. Majibu mazuri huchapishwa pamoja na majina ya waliofumbua. Hapana kengele ya kukata saa, wala hapana aliyefukuzwa mlangoni. Mashindano yaliwachagua wachache. Gazeti liliwalea wengi. Nasi twaona kwamba kitu cha pili ndicho mzizi, na cha kwanza ni ua lake. Atakaye ua bila mzizi atapata la karatasi.

Tena tusidhani kwamba asiyeshinda ujanani amefungiwa mlango wa ilimu. June Huh, mtu wa Korea aliyekulia Seoul, aliacha skuli ya sekondari akitaka kuwa mshairi. Hisabu alizipenda ukubwani, na mwaka 2022 alipewa Nishani ya Fields, ambayo ndiyo heshima kubwa mno katika ilimu hiyo. Wahenga wetu wamesema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi twaongeza kwamba anayemfanya mtoto aogope kushindwa si mlezi.

Dhara la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni udanganyifu. Katika maonyesho ya sayansi hapa kwetu hutokea kazi ambayo mtoto hakuifanya. Fundi amelipwa akaiunda, au ndugu mkubwa aliye chuo kikuu ameifanya, au mwalimu ameitoa kwengine. Mtoto akapewa karatasi ahifadhi maneno. Waamuzi humtazama mtoto katika maandishi yake, katika usemi wake, na katika fikira iliyo ndani ya kazi yenyewe. Maandishi yaweza kununuliwa, na usemi waweza kukaririwa, lakini fikira haina duka. Aulizwapo, "Kwa nini ulichagua njia hii ukaacha ile?" mtoto wa watu hubaki akitazama chini.

Wazazi na walimu wafanyao hivi hudhani wanamsaidia mtoto. La! Wamemfunza mambo matatu: kwamba akili yake haitoshi, kwamba kweli ina bei, na kwamba watu wazima waheshimiwao ndio wauzaji. Mtoto aliyepewa somo hilo akiwa na miaka kumi na sita, tutamlaumu vipi akiwa na miaka arubaini, amekalia kiti cha serikali na kalamu i mkononi mwake? Kikombe kile kitakaa kabatini, lakini lile somo litatembea.

Na udanganyifu una mlango mwengine mdogo ambao wengi hawauoni. Tuseme mtoto wa Lamu ataka kujua kama maji ya visima yazidi chumvi wakati wa kiangazi. Hilo ni swali zuri, tena la kwetu, kwani mji wa Lamu hunywa maji yatokayo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na pakizidi kuvutwa maji ya tamu ile ya bahari hujongea. Hahitaji vyombo vya ghali. Atapima chupa ya maji ya kila kisima kwa kipimo kimoja, atayachemsha mpaka yakauke, na atapima kwa mizani nzuri kilichobaki chini. Atafanya hivyo kila wiki kwa miezi. Sasa tuseme alitaraji chumvi izidi, na katika kisima kimoja ikapungua. Afanye nini? Hapo ndipo tabia yake itakapojulikana. Akibadilisha tarakimu moja ili mchoro wake upendeze, ameikhini sayansi. Akiiandika kama ilivyotoka, kisha akauliza kwa nini, huenda akagundua jambo kubwa kuliko alilolitafuta; na hata asipogundua, ameshinda mbele ya Yule ajuaye yaliyo vifuani. Ukweli katika kuandika tarakimu ni amana, kama amana ya shahidi mbele ya kadhi.

Kuna jambo jengine ambalo hatuwezi kulipita kimya, nalo ni watoto wetu wa kike. Bado wako wasemao kwamba msichana wa Kiislamu hana haja na mashindano haya. Hao twawapa khabari ya Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa Tehran mwaka 1977. Mwaka wake wa kwanza wa skuli ya kati hakufanya vyema katika hisabu. Mwalimu hakumwona kuwa ana kipawa, naye akavunjika moyo. Mwaka wa pili alipata mwalimu aliyemtia nguvu. Baadaye yeye na rafiki yake walimwendea mkuu wa skuli yao ya wasichana, wakamwomba wapewe masomo ya kufumbua maswali kama wapewavyo wavulana. Wakati huo hapakuwa na msichana hata mmoja aliyewahi kuingia katika kundi la Iran la mashindano ya dunia. Mama yule hakuifanya hiyo kuwa sababu ya kukataa, akawapangia masomo. Mwaka 1994 wote wawili waliingia katika kundi hilo. Maryam alipata nishani ya dhahabu kwa alama 41, na mwaka uliofuata huko Toronto akapata zote 42. Mwaka 2014 akapewa Nishani ya Fields, mwanamke wa kwanza kuipata tangu ilipoanza kutolewa mwaka 1936. Alifariki mwaka 2017 kwa saratani, akiwa na miaka 40.

Katika khabari hii twataka msomaji aangalie watu wawili ambao hawakupata nishani yoyote: mwalimu wa mwaka wa kwanza na yule mkuu wa skuli. Mmoja karibu auzime mwanga kwa kutojali, na mwengine aliufungulia dirisha. Tena Maryam mwenyewe alikuwa akisema kwamba yeye ni mzito wa kufikiri, hufika polepole. Basi mwalimu asimhukumu mtoto kwa upesi wa kunyoosha kidole. Haraka haraka haina baraka, na ilimu ya kina ni ya wenye kutulia.

Ama wale wanaotoa udhuru wa umaskini, twawaambia watazame Keriko, skuli ya sekondari ya kutwa katika kaunti ya Nakuru, ambayo wanafunzi wake wengi ni wa maskini na mayatima, na ilikuwa na kompyuta moja tu. Mwalimu wao Peter Tabichi, mtawa wa Kikristo, alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia, na alikuza chama cha sayansi mpaka watoto wakashinda hapa nchini na kuchaguliwa kwenda mashindano ya dunia ya sayansi huko Arizona, Marekani, mwaka 2019. Mwaka huo huo alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia. Hikima ni kitu kilichompotea mwenye imani. Popote aionapo ataichukua, wala hataulizia dini ya aliyeishika. Skuli ile haikuwa na mali. Ilikuwa na mtu mzima mmoja aliyebaki na watoto baada ya kengele.

Mwisho, tukumbuke ilimu hii ilizaliwa kwa haja gani. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya tisa, ndiye aliyeandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupa neno aljebra. Katika utangulizi alieleza kwamba amekitunga kwa ajili ya haja za watu: mirathi, wasia, ugawaji wa mali, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu ni maswali ya wasia na mirathi. Maana yake ni kwamba hisabu zilitakwa ili mjane na yatima wasidhulumiwe. Hatuyasemi haya ili tujisifu kwa mababu, kwani aliyelala hanufaiki na kukesha kwa babu yake. Twayasema ili mtoto aendaye mashindanoni ajue anakwenda na amana ya nani.

Basi hukumu yetu ni kwamba yafaa watoto kushindana katika ilimu, tena ni jambo la kuhimizwa, kwa sharti ya nia safi, mikono safi, na mlango ulio wazi kwa wote. Nasi twatoa shauri hili kwa wazazi, walimu na wakuu wa vyuo:

1. Kila skuli na kila chuo kiwe na ubao ukutani utakaobandikwa swali moja kila wiki, na mtoto yeyote aruhusiwe kujibu. Jawabu zuri libandikwe pamoja na jina la mwenyewe.

2. Aliyechaguliwa kwenda mashindanoni awafunze wenziwe wawili kabla ya kwenda, na akirudi awaeleze darasa zima maswali aliyoyakuta, hasa yale yaliyomshinda.

3. Kazi ya sayansi iwe ya mtoto, hata ikiwa duni. Mzazi anunue mizani na chupa, asinunue jawabu.

4. Wasichana wapewe nafasi sawa, saa sawa na mwalimu sawa.

5. Walimu wa skuli na walimu wa vyuo wapatane juu ya siku, ili mtoto asilazimishwe kuchagua baina ya dini yake na ilimu ya dunia, jambo ambalo halina lazima.

Na siku watoto watakaporudi, tuwapokee wote kwa uso mmoja, mwenye kikombe na asiye nacho, tuwaulize suali moja: "Umejifunza nini?" Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya ilimu yenye manufaa, na atukinge sisi na wao na riyaa, hasadi na khiyana. Amin.